Deni la Adrian Mutu: kosa lake, bei ya Chelsea

Mtaje Adrian Mutu mbele ya shabiki wa Chelsea anayeukumbuka msimu wa 2003/04, utajibiwa kwa maneno matatu: yule wa unga. Straika aliyeifungia Romania mabao 35 katika mechi 77, idadi ya mabao iliyomweka sawa na Gheorghe Hagi, siku hizi hutajwa zaidi kuwaonya vijana. Na onyo ni halali. Alipimwa, akakutwa na kokeini, akakiri. Sibishani na hilo. Ninachobishana nacho ni euro 17,173,990, kiasi alichoamriwa kuilipa klabu ambayo ndiyo iliyomfukuza, na namna tarakimu hizo zilivyopatikana.

Historia yake wengi wanaijua, nitaipitia haraka. Mtoto wa Călinești nchini Romania, akaanzia Argeș Pitești, akapita Dinamo ya Bucharest, akaenda Inter Milan ambako hakupata namba, akatulia Verona na kulipuka Parma, mabao 18 ya Serie A katika msimu wa 2002/03. Tajiri wa Kirusi Roman Abramovich ndiyo kwanza alikuwa ameinunua Chelsea, na Agosti 2003 Parma wakalipwa euro milioni 22.5. Mkataba wa miaka mitano. Alianza kwa moto, mabao manne katika mechi zake tatu za mwanzo za ligi. Kisha ndoa ikavunjika, starehe za usiku zikamzidi, na msimu ukaisha akiwa na mabao 10 katika mashindano yote. Mwaka 2004 akaja kocha José Mourinho, na safu ya mbele ikaongezewa Didier Drogba na Mateja Kežman. Oktoba, Mourinho akasema Mutu ni majeruhi. Mutu akasema mzima, akaenda kuichezea Romania dhidi ya Jamhuri ya Czech. Siku chache baadaye majibu ya kipimo yakavuja, na kabla mwezi haujaisha kibarua kikaota nyasi. Chama cha soka cha England, FA, kikamfungia miezi saba na kumtoza faini ya pauni 20,000.

Kwa maoni yangu pangeishia hapo. Chelsea hawakuona hivyo, na si haki kuwageuza mashetani kwa kudai. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: tulinunua huduma ya miaka mitano, tukapata ya miezi kumi na minne, na aliyeikatiza ni mchezaji mwenyewe kwa kufanya jambo ambalo kila mkataba wa soka unalikataza. Desemba 2005 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ilikubaliana nao kwamba aliyevunja mkataba bila sababu ya haki ni Mutu, hata kama barua ya kumwachisha iliandikwa na klabu. Kisheria hilo linasimama: anayemlazimisha mwenzake kuvunja mkataba hawezi kujificha nyuma ya ukweli kwamba si yeye aliyetia saini barua ya mwisho. Kuna pia suala la nidhamu. Klabu ikimlinda nyota anayevuta kokeini, itamwambia nini kijana wa akademia? Hayo nayakubali.

Tatizo linaanza pale swali linapotoka "nani alikosea" na kuwa "anadaiwa ngapi". FIFA iliamua mwaka 2008, CAS ikathibitisha Julai 2009, Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi ikakataa rufaa Juni 2010. Kote huko kiasi hakikupungua hata euro moja, na juu yake riba ya asilimia 5 kwa mwaka.

Tuifungue hesabu yenyewe, maana ndiyo roho ya kesi. Mhasibu wa klabu haandiki ununuzi wa mchezaji kama gharama ya siku moja. Huigawa ada ya uhamisho katika muda wa mkataba, kila mwezi kipande. Mutu alipoondoka mwishoni mwa Oktoba 2004 ilikuwa imebaki miezi 44 hadi Juni 2008. Chukua milioni 22.5, zidisha mara 44, gawanya kwa 60 ya mkataba mzima: inatoka milioni 16.5 kavu. Ndilo deni karibu lote. Laki sita na ushee zilizobaki zinatokana na fedha za kusaini na ada ya wakala, kwa mgawanyo huohuo.

Kwa maneno mengine, kilichopimwa si hasara ya Chelsea sokoni, bali kile kilichokuwa hakijafutwa kwenye daftari lao. Na namba ya kuanzia, ile milioni 22.5, ilikubaliwa kati ya Chelsea na Parma, katika majira ambayo London nzima ilijua kwamba Abramovich habishani bei. Mutu hakupokea ada hiyo. Ni kama mtu anunue ng'ombe kwa bei ya kuruka, amfukuze zizini, kisha amdai ng'ombe mwenyewe bei ya mnadani.

Mtetezi wa Chelsea atajibu kwamba daftari angalau lina ushahidi, soko ni kukisia. Sawa, lakini hapa soko lilisema lenyewe. Januari 2005 Mutu, akiwa bado amefungiwa kucheza, alichukuliwa na Juventus bila Chelsea kupata senti, akisajiliwa kwanza Livorno kwa sababu Juventus walishajaza nafasi zao za wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2006, baada ya Calciopoli, kashfa ya klabu kushawishi uteuzi wa waamuzi, kuishusha Juventus Serie B, Fiorentina walimnunua kwa takriban euro milioni 8. Huyo ni Mutu aliyemaliza adhabu na kucheza msimu mzima Juventus, bado anathaminiwa nusu ya kilichoandikwa kwenye daftari la Chelsea. Je, Mutu wa Oktoba 2004, aliyekosana na kocha na kuzidiwa nafasi na Drogba, nani angemnunua kwa milioni 16.5?

Na Chelsea hawakulazimika kumfukuza. Beki Rio Ferdinand alikosa kufika kwenye kipimo mwaka 2003 akafungiwa miezi minane. Manchester United, waliokuwa wamemnunua ghali mwaka mmoja kabla, walimngoja akarudi. Makosa hayo mawili hayafanani kabisa, najua. Ila uamuzi wa klabu unafanana: mali ya thamani huwa inangojewa. Chelsea waliamua kutomngoja, na Gordon Taylor wa chama cha wachezaji wa kulipwa aliwalaumu wazi kwa kumtupa mtu aliyehitaji matibabu. Ukishaamua mwenyewe kuitupa mali, kudai thamani yake yote ni kula huku na huku.

Mfano unaonikera zaidi ni wa klabu hiyohiyo. Kipa Mark Bosnich alikutwa na kokeini mwaka 2002, naye Chelsea wakamfukuza. Yeye alikuja kutoka Manchester United bila ada ya uhamisho. Kwa kanuni ya daftari, deni la Bosnich kwa upande wa ada ya uhamisho lingekuwa sifuri. Kosa moja, mwajiri mmoja, tofauti ya mamilioni, na sababu pekee ni kwamba mmoja alinunuliwa na mwingine alikuja bure. Adhabu inayotegemea bei uliyonunuliwa haina uhusiano na ulichokifanya.

Januari 2015 mambo yakawa magumu zaidi kuyaelewa. FIFA ilikuwa imeamua kwamba Juventus na Livorno, kama klabu mpya, wabebe deni pamoja na mchezaji. CAS ikatengua: kanuni ya kuifunga klabu mpya haihusu mchezaji aliyefukuzwa na mwajiri wake, kwa kuwa hakuna aliyemrubuni aondoke. Nakubali mantiki hiyo. Basi waliofaidi huduma yake, na baadaye wakamuuza kwa faida tupu, wakatoka safi, na aliyebaki peke yake na mzigo ni mwajiriwa.

Mutu mwenyewe hakumrahisishia kazi yeyote anayemtetea. Januari 2010, akiwa Fiorentina, alikutwa na sibutramini, dawa ya kupunguza uzito iliyopigwa marufuku michezoni, akafungiwa tena. Mwaka 2013 aliondolewa timu ya taifa kwa kuweka mtandaoni picha ya kocha Victor Pițurcă aliyegeuzwa kuwa Mr Bean. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kusema anastahili chochote kitakachompata. Lakini ni huyuhuyu aliyefunga mabao 16 na 17 katika misimu yake miwili ya mwanzo ya ligi chini ya kocha Cesare Prandelli kule Fiorentina. Na katika Euro 2008 mjini Zürich, dakika ya 55, beki Zambrotta alimrudishia kipa Buffon mpira dhaifu wa kichwa, Mutu akauwahi na kuitanguliza Romania mbele ya mabingwa wa dunia, Italia. Panucci akasawazisha papo hapo. Dakika ya 81 Romania wakapata penalti, Mutu akaipiga, Buffon akaicheza. Jioni nzima ya Mutu, utukufu na majuto, ndani ya nusu saa.

Oktoba 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa hoja yake kwamba wasuluhishi wa CAS hawakuwa huru. Nadhani mawakili wake walibaki na mlango mwembamba. Kujadili nani aliketi mezani hakukugusa kilichoandikwa mezani, na mahakama hiyo haikuwa na kazi ya kukokotoa upya 22.5 mara 44 juu ya 60. Swali lililostahili ni la 2004: siku Chelsea wanaandika ile barua, klabu gani ingemchukua, na kwa shilingi ngapi? Jibu lolote la kweli lingekuwa dogo kuliko milioni 16.5, na Mutu angelipaswa kulilipa.