Aliyepotea mlimani, anayetafutwa Kirumba

Kijiweni kwetu, karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kahawa ya asubuhi wiki iliyopita ilitawaliwa na mpanda mlima mmoja wa ng'ambo aliyepotea. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona, lakini kila mtu ana lake. Ameuawa na mwenzake. Hapana, ana mke mahali, saa hizi anakula kwa raha zake. Kijana wa bodaboda akaleta majini ya mlimani, na hapo hata waliokuwa kimya wakasogeza mabenchi.

Mimi nasema alitoka njiani kidogo tu. Pengine alikwenda haja.

Msicheke. Julai 2013, mama wa miaka 66 aliyekuwa akitembea njia ya Appalachian huko Marekani aliingia msituni kujisaidia, jimboni Maine, asiione tena njia. Akamwandikia mumewe ujumbe kwenye simu. Mtandao hakuna, ujumbe haukwenda. Akapanda juu kutafuta mtandao, wapi. Akapiga hema, akangoja. Watu walizua mengi, hasa kwa kuwa jeshi la wanamaji lina eneo la mafunzo palepale. Oktoba 2015 mabaki yake yakakutwa kambini pake, chini ya kilomita 3 kutoka njiani, pamoja na daftari lililoonyesha kwamba aliishi karibu wiki nne. Mbwa wa watafutaji walikuwa wamepita kama mita 100 kutoka hapo. Njaa na baridi, basi.

Utauliza, mtu mzima anashindwaje kurudi hatua mia? Anashindwa. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwatembeza watu msituni na katika jangwa la Tunisia, wakiwataka wanyooke tu. Jua lilipofichwa na mawingu, watu walizunguka duara na kukata nyayo zao wenyewe huku wakidhani wamenyooka.

Kinachonikera zaidi ni hoja ya nguo. Zikiokotwa nguo mlimani, basi kavuliwa, kafanyiwa ukatili. Baridi kali ikimzidi mtu, mishipa ya damu ya ngozini, iliyojikaza kulinda joto la ndani, huchoka ikalegea. Damu hukimbilia ngozini, naye huhisi anaungua. Anavua mwenyewe. Wengine kisha hutambaa na kujibana chini ya mwamba au kichakani, watafutaji wakapita wasiwaone. Sisi wa Mwanza tunaona ni hadithi kwa sababu baridi yetu inaishia kwenye sweta. Muulize mvuvi wa dagaa aliyelowa usiku kucha upepo ukivuma. Theluji haihitajiki.

Na ziwani hatufikiri hivi, ndicho kinachonishangaza. Mtumbwi usiporudi asubuhi, maswali ya mwaloni ni ya kawaida kabisa: walichukua mafuta lita ngapi, mashine ilikuwa nzima, upepo ulitoka wapi. Majini huja baadaye, matangani. Tena tunajua hatari ya kumzika mtu mapema. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, wengi walikuwa wameshakata tamaa siku ya tatu, mhandisi wake akatolewa hai kutoka ndani ya kivuko kilicholala kichwa chini. Yule mama wa Maine naye alikuwa hai, anaandika, wakati watu wanabishana nani kamuua.

Basi pale kijiweni, mzee mmoja aliyeachana na karabai, taa ya kuvulia dagaa usiku, miaka mingi iliyopita alisikiliza yote, akaweka kikombe chini.

"Huyo mtu wenu, alibeba maji kiasi gani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyejua hata alivaa nini, au aliondoka saa ngapi.

"Haya," akasema kijana wa bodaboda, "tulikuwa tumefika kwenye majini."