Mkono Huo Ungengoja Hadi Jumatatu

Sina ugomvi na kusalimiana. Nimelelewa Tanga, mahali ambapo mtu anayetumwa dukani kununua chumvi huweza kurudi baada ya saa nzima, kwa sababu njiani kuna wazee wa kuamkiwa, na kila mzee ana hali yake, ya mkewe na ya goti lake, zote za kuulizwa moja baada ya nyingine. Ugomvi wangu ni na saa waliyoichagua Wamarekani kwa ajili ya salamu ya makocha wa mpira wa vyuo vikuu, ule mpira wao wa umbo la yai unaoniteka kila Jumamosi kuanzia mwisho wa Agosti. Muda unapoisha, mmoja ameshamwagiwa ndoo ya kinywaji baridi kichwani na vijana wake wenye furaha, na mwenzake bado anatafuta pa kuuficha uso mbele ya watu laki moja. Ndipo wote wawili hutakiwa wakimbilie katikati ya uwanja, wakiwa wamezungukwa na wapiga picha na askari wenye kofia pana, wapeane mkono kiungwana. Sekunde mbili zinatosha, tatu wakijitahidi. Halafu wiki nzima inayofuata watu wazima wenye kazi zao huirudia picha hiyo polepole ili wajue ni nani aliyemminya mwenzake kiganja.

Mchezo wenyewe nimekwisha kukata tamaa ya kuuelewa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alisoma chuo kikuu cha Ohio State hapa hapa Columbus, Marekani, ninapoishi, naye hunifafanulia kila Jumamosi akiwa amevaa nyekundu kutoka kofia hadi soksi, rimoti yangu ikiwa mapajani mwake, nami huitikia “naam, shemeji” hadi chai inapoa. Ninachokisubiri ni ule mkono wa mwisho, kwa sababu hapo tu ndipo ninapokuwa mtaalamu kuliko yeye. Yeye, timu yake ikielekea kushindwa, hupenda kuzima runinga mapema, nami humwambia, “Ngoja kwanza, shemeji, hawajapeana mikono,” naye hunitazama kama mfiwa aliyeulizwa iwapo pilau imeiva.

Tarehe 30 Novemba 2024 hakuniwahi kuzima. Michigan, ambao ndio watani wao wa jadi, walikuja Columbus wakashinda 13 kwa 10, kisha vijana wao wakataka kuisimika bendera yao katikati ya uwanja, yaani pale pale ambapo mimi nilikuwa nimekaza macho nikitarajia kuona makocha wakisalimiana. Zikafuata ngumi, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, na baadaye ligi ikavitoza vyuo hivyo faini ya dola 100,000 kila kimoja. Niliuliza kwa upole makocha wako wapi. Shemeji akainuka, akatoka nje kwenda kulitazama gari lake, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Wala isidhaniwe kwamba salamu hii imeachwa holela. Makocha wana chama chao kilichoanzishwa mwaka 1922, na kanuni zake za maadili zinaelekeza kwamba makocha wapinzani wakutane kabla ya mchezo na baada yake, wasalimiane kirafiki. Mwaka 2009 chama hicho kikaona makocha peke yao hawatoshi, kikaziomba timu nzima zipeane mikono kabla ya mechi za wiki ya ufunguzi. Tarehe 3 Septemba, mjini Boise, kwenye uwanja wao wenye nyasi za bandia za rangi ya buluu, vijana wa Oregon na wa Boise State walipeana mikono kama walivyoombwa, wakacheza, Boise State wakashinda 19 kwa 8, na mchezo ulipokwisha Byron Hout wa Boise State akamgonga begani LeGarrette Blount wa Oregon na kumtupia maneno, naye Blount akamjibu kwa ngumi ya taya. Hii ndiyo hesabu ninayotaka watu waifanye. Kabla ya mchezo, walipokuwa hawadaiani chochote, mikono ile ile ilipita salama. Saa chache baadaye, mkono mmoja ulikuja umekunjwa.

Na mara nyingi mwenye kosa ni aliyeshinda. Katika mpira huu, timu ikishauvusha mpira kwenye mstari wa mwisho hupewa nafasi ya nyongeza, ambapo huweza kuupiga teke na kupata alama moja kwa urahisi, au kujaribu kuuvusha tena kutoka karibu na kupata mbili. Anayeongoza kwa mbali anatarajiwa apige teke lake la adabu, muda uishe, watu warudi makwao. Jim Harbaugh, aliyekuwa kocha wa chuo cha Stanford, hakulijali hilo. Tarehe 14 Novemba 2009, huko Los Angeles, Stanford yake ikiwa inawaongoza wenyeji USC kwa 48 kwa 21, aliagiza vijana wake wazifuate alama mbili, wakazikosa, kisha wakaendelea hadi 55 kwa 21. Walipokutana katikati ya uwanja, Pete Carroll, kocha wa USC, alimuuliza yeye ana nini hasa, naye Harbaugh akamrudishia swali lile lile, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yote ya watu wawili waliokabidhiwa watoto wa watu wawalee.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kocha Bret Bielema. Wisconsin yake ilikuwa inaiongoza Minnesota kwa 41 kwa 16, naye pia akazitamani alama mbili, na baada ya mchezo Tim Brewster wa Minnesota akamkabili pale pale kwenye kupeana mikono akimlaumu kwa kukosa uungwana. Bielema alijitetea kwamba kadi yake ya hesabu ndiyo iliyosema kuwa ukiongoza kwa alama 25 unajaribu mbili. Kadi! Mtu amemtonesha mwenzake donda mbele ya halaiki, na akiulizwa anatoa kadi. Nimelitafakari jibu hilo sana, na ninakiri kwamba ningelipenda liwe langu.

Harbaugh, kwa upande wake, aliichukua tabia yake akahamia nayo ligi ya kulipwa, na mwezi Oktoba 2011 mjini Detroit, baada ya timu yake ya San Francisco kushinda 25 kwa 19, alimpa mkono Jim Schwartz, kocha wa Detroit, kwa nguvu na kumpiga kofi la mgongoni huku akipita mbio, hata Schwartz akamkimbiza uwanjani na watu wakaingilia kati. Harbaugh mwenyewe alikubali kwamba aliukaza mkono kupita kiasi. Baadaye akaja kuwa kocha wa Michigan, kwa hiyo nyumbani kwangu jina lake halitajwi wakati wa kula.

Kwetu tuna msemo ambao kila mtangazaji wa mpira anao mdomoni: asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekuwa nikiusikia tangu utotoni na sijapata kumsikia aliyefungwa akiutamka. Hutamkwa na aliyeshinda, akiwa ameshiba, tena kwa sauti ya mtu anayegawa sadaka.

Ningeyaacha mambo haya yabaki kwenye runinga, lakini yamenifuata kazini. Msimamizi wetu katika ghala ninalopakia bidhaa ni mshabiki wa mpira wa vyuo aliyepitiliza, na ameamua kwamba laini mbili za upakiaji zishindane juma zima kwa idadi ya makasha, matokeo yaandikwe ubaoni, na Ijumaa zamu inapoisha viongozi wa laini wakutane mbele ya mizani wapeane mkono huku wafanyakazi wakipiga makofi. Mimi ndiye kiongozi wa laini inayoshindwa. Laini yangu ina mashine ya kufunga utepe inayokwama kila ikiona kasha kubwa, jambo ambalo nimelieleza kwa maneno na kwa maandishi, na ambalo halimo kwenye ubao.

Mpinzani wangu ni mtu mzima kutoka Kentucky, mpole, mcha Mungu, mwenye kiganja kipana cha kutosha kubebea sahani. Kosa lake ni kwamba akiushika mkono wangu hauachii. Huushikilia huku akinieleza ni wapi laini yangu ilipotezea muda siku ya Jumatano, na ni namna gani yeye angewapanga watu wangu, na maelezo yake, kwa bahati mbaya, huwa ni ya kweli. Ijumaa iliyopita alikuja na kipande cha utepe kimemganda kiganjani, salamu ilipokwisha utepe ukawa kwangu, na makofi yakiendelea ikanibidi nisimame nikitabasamu huku nikiubandua kwa kucha za mkono wa pili.

Tangu hapo namwelewa vizuri Juwan Howard, ambaye ni wa mpira wa kikapu lakini kisa chake ni cha ukoo huu huu. Februari 2022, timu yake ya Michigan ilipofungwa na Wisconsin 77 kwa 63, alikuwa amekasirika kwa sababu kocha mwenzake, Greg Gard, aliomba mapumziko zikiwa zimebaki sekunde chache na ushindi upo mkononi. Katika mstari wa kupeana mikono alitaka kupita tu aende zake. Gard akamzuia ili amweleze sababu. Amweleze! Mtu ametoka kushindwa, anataka kwenda kuoga, na wewe unamshika mkono umpe semina. Howard aliishia kumpiga kichwani kwa kiganja msaidizi wa Gard, na hilo silitetei, maana alifungiwa michezo mitano na kutozwa dola 40,000, fedha ambazo mimi ningetakiwa kupakia makasha hadi wajukuu wanisaidie.

Huko kwao Kentucky, ambako mpinzani wangu angepaswa kuwa amejifunza kitu, chama kinachosimamia michezo ya shule za sekondari kilizitahadharisha shule mwaka 2013 kuhusu kupanga wachezaji mistari ya kupeana mikono, kwa kuwa ndani ya miaka mitatu palikuwa pametokea mapigano zaidi ya 20 katika mistari hiyo. Chama kilifafanua kwamba salamu haikupigwa marufuku, bali shule itakayoipanga iisimamie na kubeba dhamana. Nilimwonyesha msimamizi wetu habari hiyo kwenye simu. Aliisoma hadi mwisho, akasema kwamba kwa sababu hiyo yeye atasimama karibu zaidi.

Liko pia suala la mavazi, ambalo hakuna anayenisaidia kulitatua, kwani sijui kama nivue glovu au nisivue. Nikivua, mtu wa Kentucky hana muda wa kuvua zake na tunakuwa hatulingani. Nisipovua, naona marehemu mama yangu akinitazama. Kwa ajili hiyo nilifurahi sana Septemba 2023, wakati Jay Norvell, kocha wa Colorado State, kabla ya kukutana na Colorado ya Deion Sanders, aliposema kwamba yeye akizungumza na watu wazima huvua kofia na miwani, kwa kuwa ndivyo mama yake alivyomfundisha. Nilipiga kofi sebuleni. Sanders, ambaye miwani ya jua na kofia kwake ni kama ngozi, aliligeuza jambo hilo kuwa la kuchochea vijana wake, wakashinda 43 kwa 35 baada ya nyongeza mbili za muda, na funzo la mama wa watu likashindwa hadharani.

Sanders huyo huyo alikuwa na kisa kingine mwaka mmoja nyuma yake, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Oktoba 2022, akiifundisha Jackson State, alikwenda Montgomery siku ya sherehe za Alabama State, akawafunga mbele ya wageni wao 26 kwa 12, kisha akafungua mikono amkumbatie Eddie Robinson Jr., kocha wa wenyeji. Robinson alimpa mkono, na Sanders alipovuta ili kifua kikutane na kifua, akamsukuma aende zake. Baadaye akaeleza bila kumung’unya maneno kwamba Sanders hawezi kuja kwao, kuwasema wiki nzima, kisha atake kukumbatiana, na akasema kwamba yeye ndiye wa SWAC, ile ligi ya vyuo vya Weusi vya kusini, na kwamba Sanders si wa SWAC. Watu wengi walimwona hana uungwana. Mimi nilimwona mtu pekee katika mpira mzima aliyesema ukweli katikati ya uwanja, tena mkono aliutoa, kwa hiyo kanuni hakuivunja. Kilichozidi ni kifua, na kifua hakimo kwenye kanuni.

Makocha hawa wapo wanaolipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, na kwa fedha hizo mimi ningembusu mpinzani wangu kwenye paji la uso. Hata hivyo, sioni kwa nini wasipewe nafasi ya kulala. Anayeshindwa Jumamosi arudi nyumbani, akasirike, ale, apate usingizi, na Jumatatu asubuhi ampigie mwenzake simu amuulize habari za nyumbani na hali ya magoti, ampongeze, na kama zile alama mbili bado zinamuuma amwambie kwa utulivu bila ya kamera.

Hayo ndiyo niliyoyaandika, kwa heshima zote, kwenye karatasi niliyoitumbukiza katika sanduku la maoni pale kazini. Msimamizi aliisoma kwenye mkutano wa asubuhi, akaisifu kuwa ni fikra ya uongozi, akatangaza kwamba kuanzia sasa viongozi wa laini watapeana mikono Ijumaa na vilevile Jumatatu, na kwamba kwa kuwa wazo ni langu, mimi ndiye nitakayetangulia kuunyoosha mkono siku zote mbili.