Ng'ombe wa Tukuyu, pembe za ayala na ubishi wa jiwe la chumvi

Nje kidogo ya Tukuyu nilimkuta ng'ombe wa jirani amesimama bandani na mfupa mdomoni. Mfupa mkavu wa mguu, anauhamisha shavu hili kwenda lile, mate yanachuruzika. Nikasema huenda amekosa madini, alambishwe jiwe la chumvi. Mzee mwenye ng'ombe akacheka. "Huyo ana uchu tu, mwanangu. Ng'ombe wa babu yangu hawakujua jiwe la chumvi, na walizaa."

Bwana mifugo angemjibu kwamba bila jiwe hilo la kulamba, lenye chumvi na madini, hakuna maziwa. Mwenye duka la pembejeo angeunga mkono, ingawa yeye ana mzigo wa kuuza.

Mimi ushahidi nimeupata mbali, kwa ayala, wanyama wenye pembe za matawi wanaofugwa Ulaya. Pembe ya ng'ombe ni ganda gumu kama kwato lililofunika mfupa, na hudumu maisha yote. Ya ayala ni mfupa mtupu, huota na kudondoka kila mwaka. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini, kalsiamu ikiwa karibu mara mbili ya fosforasi. Inaota kwa miezi michache tu, chakula hakitoshi, basi mnyama anakopa kwenye mbavu zake mwenyewe. Ukiipima kutoka shinani kwenda nchani, madini yanapungua: mwili ulianza na akiba, ukamaliza ukiwa umechoka. Na ayala naye hutafuna pembe zilizodondoka, kama ng'ombe wa Mzee na mfupa wake.

Kwa ng'ombe wetu, pembe hiyo ni maziwa. Lita moja hubeba kama gramu 1.2 za kalsiamu, kwa hiyo anayetoa lita 15 anapoteza gramu 18 kila siku. Ng'ombe wa babu hakukamuliwa hivyo. Alitoa ya ndama na kikombe cha nyumbani. Hapo hoja ya Mzee inalegea.

Lakini wauza mawe nao wasishangilie. Hispania, baada ya baridi kali ya 2005, pembe za ayala zilivunjika kwa wingi na watafiti wakakuta manganizi, madini mengine yanayohitajika kwa kiasi kidogo, imepungua. Baadaye ayala waliokuwa tayari wanakula mlo kamili waliongezewa manganizi, na pembe zao zikastahimili zaidi kugongwa. Ukiisoma haraka utasema: tuongeze manganizi! Ila udongo wenye tindikali, kama mwingi wa huku kwenye mvua nyingi, kwa kawaida huipa mimea manganizi kwa urahisi. Kinachonitia shaka hapa Rungwe ni fosforasi, kwa sababu udongo wa volkano huing'ang'ania, na ng'ombe anayetafuna mifupa mara nyingi anaitafuta hiyo hiyo.

Halafu tazama hori. Anayelishwa matete na vigogo vya migomba ana njaa ya aina moja. Anayeongezewa pumba za mahindi na mashudu ya alizeti anapata fosforasi ya kutosha, akakosa kalsiamu. Huyo desmodiamu au lusina, malisho ya jamii ya kunde, vitamfaa kabla ya jiwe. Na mawe mengine, tuseme ukweli, ni chumvi ya kawaida iliyotiwa rangi. Ng'ombe atalilamba kwa sababu ya chumvi, wewe utadhani anajitibu.

Hata kuzidisha kuna hasara: ng'ombe mwenye mimba aliyekaushwa, yaani aliyeachishwa kukamuliwa, akijazwa kalsiamu wiki za mwisho, mwili wake unazembea kuitoa mifupani, na siku ya kuzaa homa ya maziwa, yaani kalsiamu kushuka ghafla damuni, inamlaza chini.

Kwa hiyo niko na bwana mifugo kwa ng'ombe anayekamuliwa sana, mradi mfuko wa madini uandikwe fosforasi ni kiasi gani. Kwa mtamba anayekula majani mchanganyiko sina haraka.

Mzee nilimwomba jambo moja tu siku ile: amnyang'anye mfupa, maana mifupa ya mizoga hubeba sumu inayopoozesha ng'ombe. Aliuchukua, akautumbukiza chooni. Kuhusu jiwe, aliniuliza bei, akaguna, akarudi kukata matete.