Pesa Yangu Wanaitaka, Kompyuta Yangu Hawaitaki

Mimi nikiingia kwenye tovuti ya kampuni huwa nina haja moja tu: kulipa. Sikuja kuposa, sikuja kuhamia. Nataka nilipe, nipate risiti, nikalale. Ungedhani mtu anayeleta pesa kwa hiari yake atapokelewa vizuri. Thubutu!

Unafungua ukurasa, hujasoma hata neno, mara linashuka bango la nusu kioo: "Furahia huduma bora kwenye aplikesheni yetu!" Kitufe cha PAKUA kinawaka rangi zote. Chini kabisa, kwa herufi za kijivu juu ya kijivu, ndipo wameficha maneno "endelea kwenye tovuti". Yaani naomba ruhusa ya kuendelea kuwa mahali ambapo tayari nipo. Nabofya. Ukurasa wa pili, bango lile lile tena, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Haya, yaishe. Nafuta video za salamu za asubuhi zilizojaza simu, napakua, bando linayeyuka. Aplikesheni inafunguka, na kabla ya salamu inataka kujua nilipo. Halafu inataka majina yote niliyohifadhi. Halafu kamera. Halafu maikrofoni. Jamani, nalipa bili! Maikrofoni ya nini, mnisikie nikiguna? Nikishakubali yote, nakuta ndani kumbe ni tovuti ile ile, ila wameondoa pale juu pa kuandikia anwani ili nisitoroke.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe wanakukabidhi mlangoni, na lazima liwe limefuliwa na fundi wao.

Tuje kwenye kompyuta. Yangu ni ya siku nyingi, inatumia mfumo wa Linux badala ya Windows, na kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, cha Firefox, na wala haijawahi kunitukana. Tovuti moja ikaniambia: "Kivinjari chako hakitumiki. Sakinisha hiki hapa." Hakitumiki vipi, na mimi nakitumia hapa unaniona? Nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Shikamoo mzee wangu. Unatumia kivinjari gani?"

Nikamtajia. Kimya. Nikasikia kibodi ikigongwa.

"Hicho mzee, mfumo wetu haukitambui."

"Marahaba mwanangu. Na pesa yangu, mfumo wenu unaitambua?"

"Pesa inatambulika, mzee."

Mpwa wangu akasema, mjomba hebu nipishe kidogo. Kumbe kila kivinjari kikibisha hodi kwenye tovuti hutuma mstari mdogo wa kujitambulisha: mimi ni fulani, toleo fulani, natoka kwenye mfumo fulani. Kijana akaubadilisha ule mstari tu. Hakusakinisha kitu, hakununua kitu. Firefox ile ile ikaenda ikajitaja kwa jina la mwenzake, na tovuti ikafunguka yote, vitufe vinabofyeka, risiti ikatoka. Hapo ndipo nilipoona kizunguzungu. Maana yake hakukuwa na tatizo lolote la kitaalamu! Kulikuwa na bawabu tu mlangoni, kaambiwa asiruhusu majina asiyoyajua.

Na uongo huu wa majina ni wa tangu enzi. Karibu vivinjari vyote, hadi leo, vinaanza kujitambulisha kwa neno "Mozilla/5.0", iwe ni Mozilla kweli au la. Miaka ya 1990 tovuti zilikuwa zikimpa Netscape, kivinjari kilichotamba enzi hizo, kurasa nzuri na wengine makombo, na Netscape alikuwa akijiita Mozilla. Internet Explorer alipokuja akaona isiwe taabu, naye akajiita Mozilla. Waliofuata wakaiga. Ukoo mzima unatembea na kitambulisho cha marehemu, kwa sababu ya mabawabu.

Wakati tulipewa hiki kitu bure! Tim Berners-Lee alibuni wavuti pale CERN, maabara ya fizikia kule Ulaya, mwaka 1989 ili kompyuta za kila aina zisomeane, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakaiachia dunia nzima bila kudai senti. Kazi yote ya kuhakikisha mashine yoyote inasoma ukurasa wowote ilishafanyika. Anakuja mtu anaketi kitako, anaifumua.

Sasa fomu. Fomu ndiyo iliyonipandisha presha. Nikapakua PDF, nikafungua, ukurasa mtupu, katikati pameandikwa kwa Kiingereza: tafadhali subiri. Mimi mtu mstaarabu, nikasubiri. Nikaenda kuoga. Nikarudi, bado nasubirishwa. Nilipojisogeza kusoma mistari ya chini nikaona inasema kwamba kama ujumbe huu hautaondoka, basi huenda programu yangu haiwezi kuonyesha hati hii. Kumbe ule ujumbe ndio ukurasa wenyewe! Hakuna kinachopakia, hakuna kinachokuja. Ni fomu za aina inayoitwa XFA, ambazo programu nyingi za kusomea PDF haziziwezi, na kiwango cha PDF cha mwaka 2017 chenyewe kilishasema zimepitwa na wakati. PDF ni kiwango cha wazi cha kimataifa tangu 2008, lakini watu wamepata njia ya kufunga kufuli ndani ya mlango ulio wazi.

Wale wanaodai fomu irudishwe kwa Word pekee sitawasema sana, nitapata dhambi.

Na msidhani ni mimi tu mkorofi. Korea Kusini, nchi yenye intaneti ya kutisha, walikaa miaka na miaka mtu hawezi kuingia benki mtandaoni bila Internet Explorer na vijiprogramu vya ActiveX, kwa sababu ya vyeti vya saini za kidijitali vilivyowekwa na sheria ya 1999. Vyeti hivyo vilipoteza upendeleo wao wa kisheria Desemba 2020. Afrika Kusini nako, mamlaka ya kodi ilikuwa na fomu zilizojengwa kwa Flash, ile teknolojia ya zamani ya kuchezesha picha na vitufe kwenye tovuti. Flash ikafa tarehe 31 Desemba 2020, kifo kilichotangazwa tangu 2017, matanga yalikuwa na muda wa kutosha kupangwa. Unajua walifanyaje? Januari 2021 wakatoa kivinjari chao wenyewe, cha kufungulia fomu zao za Flash. Maiti imekataliwa kila nyumba, wao wakaijengea nyumba yake.

Mimi nikaamua kulalamika rasmi. Kwenye tovuti ile nikapekua hadi nikapata fomu ya malalamiko, tena ya kawaida, inafunguka popote. Nikafurahi. Nikaandika kwa adabu kwamba sina aplikesheni yao, siitaki, na nataka kulipa kwa tovuti kama binadamu. Nabofya "tuma", inagoma. Nyota nyekundu: "Tafadhali chagua toleo la aplikesheni unayotumia." Nikashusha orodha yote kutafuta "sina". Hakuna. Nikachagua lililo la zamani kuliko yote, angalau waone jinsi nisivyo na haraka.

Malalamiko hayajajibiwa. Ila kila Jumatatu asubuhi napata ujumbe: "Mpendwa mteja, aplikesheni yako imepitwa na wakati. Sasisha sasa uendelee kufurahia huduma zetu."