Kutoka fidla kwenda udi

Kuna mwandishi anayemshauri mpiga fidla wa taarabu asiguse udi, ile ala ya nyuzi, mpaka awe ameimudu fidla barabara. Kwa heshima zote, naona ushauri huo unafaa kwa mwanafunzi anayehangaika bado na upinde, lakini haumfai yule ambaye sikio lake limekwisha kutulia. Shingo ya udi, kama ya fidla, haina vigawanyo vya kuuongoza mkono, hivyo aliyezoea kuitafuta kwa kidole na sikio sauti ya Rasti au Bayati, mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu, tayari ana mtaji mkubwa.

Ugumu uko kwingine. Nyuzi za fidla hupishana kwa sauti tano au, kwa wapigaji wengi wa Kiarabu, kwa tano na nne, ilhali za udi hupishana zaidi kwa nne, na nyingi zimefungwa mbilimbili. Kwa hiyo kidole kinachokwenda kwa mazoea huangukia sauti isiyotakiwa, hasa wimbo unapoharakishwa. Isitoshe, upinde huweza kuivuta sauti moja kwa muda mrefu, lakini ya udi hufifia mara tu risha, yaani kipande cha kupigia nyuzi, inapouachia uzi, na mpigaji hulazimika kuijazia kwa kupiga harakaharaka juu na chini. Mkono wa kulia ndio unaoanza upya kabisa (na majirani ndio wanaolipia).

Ningependekeza aanze na wimbo anaoujua vyema kwenye fidla, taratibu.