Kosa namba 111: nani aliseme kwa maneno?

Seva ya hifadhidata imezimwa. Draiva yako ya C, yaani msimbo unaounganisha programu na hifadhidata, inajaribu kuunganisha, na mfumo unarudisha namba tu: 111 kwenye Linux, 61 kwenye macOS, 10061 kwenye Windows. Kosa ni lilelile, muunganisho umekataliwa. Ubishi ni nani aigeuze namba hiyo kuwa maneno.

Wapo wanaosema tumia strerror, funksheni ya C inayogeuza namba ya kosa kuwa ujumbe, yaishe. Ipo kila mahali, na glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, imeifanya salama kwa nyuzi (sehemu za programu zinazoendeshwa kwa pamoja) tangu toleo 2.32. Hoja nzuri kama unajua programu itaendeshwa wapi. Mwandishi wa draiva hajui: kwenye mifumo mingine ujumbe wa uzi mmoja unaweza kufutwa na wa mwenzake. Na kwenye Windows, 10061 ni ya soketi (miunganisho ya mtandao), hivyo strerror inakujibu tu kwamba kosa halijulikani.

Basi strerror_r, ndugu yake unayeipa bafa yako, yaani nafasi ya kumbukumbu ya kuwekea ujumbe? Hapo ndipo wengi tumeumia. Ya POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, inarudisha namba na kuandika ujumbe kwenye bafa yako. Ya GNU, yaani ya glibc, yenye jina lilelile, inarudisha pointa (anwani ya ujumbe ulipo), na kwa makosa ya kawaida haiigusi bafa kabisa. Ukichapa bafa bila kuangalia kilichorudishwa, logi inasema “Imeshindwa kuunganisha:” halafu kimya, au takataka. Ukijaribu kwa kosa la kubuni, tuseme 9999, bafa inajazwa vizuri, maana kwa namba isiyoijua, GNU huitumia bafa hiyo. Jaribio linapita, mteja anaumia.

Watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waliamua kubeba mzigo wenyewe. Tangu toleo 12 wana pg_strerror_r yao: inashughulikia aina zote mbili, inatambua namba za soketi za Windows, na maktaba ya C ikirudisha mfuatano mtupu au alama za kuuliza tupu, inaandika jina la kosa, hapa ECONNREFUSED, na hilo likikosekana, namba.

Wapinzani wana haki kulalamika kwamba huo ni msimbo wa kutunza miaka na miaka, kwa ajili ya sentensi moja. Draiva ndogo ya mtu mmoja haina haja ya kufika huko. Mimi ningeandika funksheni moja ya kufungia tofauti hizo, ningenakili errno (namba ya kosa la mwisho) kabla ya close, inayofunga soketi, au logi kuibadilisha, kisha ningempa anayeita namba pamoja na maneno. Maneno hubadilika na lugha ya mfumo. Anayeyalinganisha kwa strcmp, funksheni ya C ya kulinganisha maandishi, atakwama siku mashine ikiwekwa Kifaransa.