Mashamba ya Wabugis: makubaliano ya jamaa au hati ya serikali?

Katika vijiji vya wakulima wa mpunga vya Wabugis, kwenye mabonde ya Wajo, Soppeng na Sidenreng huko Sulawesi Kusini, Indonesia, nyumba na ardhi ni mali mbili tofauti. Nyumba ya mbao husimama juu ya nguzo: darini huhifadhiwa mpunga uliovunwa, katikati huishi watu, na uvunguni huwekwa zana, kuku, na mara nyingi mtambo ambao mwanamke hufumia nguo. Nyumba hiyo huweza kuuzwa bila kiwanja chake, ikafunguliwa ubao kwa ubao au ikabebwa nzima na wanaume wa kijiji, bega kwa bega, hadi mahali pengine. Shamba halihamishiki. Ndiyo maana ugomvi mkubwa wa mali huko huwa ni wa majaruba: nani aliyarithi, nani aliyaweka rehani, na nani anayalima tu kwa idhini ya mwenziwe.

Swali linalostahili kupimwa ni kama mali hiyo iendelee kugawanywa kwa desturi na makubaliano ya jamaa, au kila kipande kipimwe, kiandikwe jina la mwenyewe na kufuata kanuni ya sheria bila kulegezwa. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 ilijaribu kushika pande zote mbili, kwa kuitambua desturi kuwa msingi wa sheria ya ardhi na papo hapo kuamuru ardhi isajiliwe nchi nzima. Wanakijiji ndio walioachiwa kazi ya kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Watetezi wa desturi wana hoja yenye uzito. Watawala wa Soppeng, Wajo na Bone walisilimu kati ya mwaka 1609 na 1611, na tangu hapo sheria ya Kiislamu ikawa sehemu ya mfumo wa mila uitwao pangngadereng. Kanuni ya mirathi wanaijua wote na huielezea kwa taswira yao wenyewe, kwamba mwanamume hubeba kwa mzega, mzigo mbele na mzigo nyuma, ilhali mwanamke hujitwika mmoja kichwani. Hata hivyo, Wabugis huhesabu ukoo kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wengi hawangoji mauti ndipo mali igawanywe. Humpa mtoto shamba anapooa au anapoolewa, na nyumba mara nyingi humwachia binti anayebaki kuwatunza. Msomaji wa Unguja au Lamu, aliyelelewa katika madhehebu yaleyale ya Shafi, atalitambua jambo hili mara moja: ni hiba, nayo humwezesha mzazi kumpa binti zaidi ya fungu lake bila kuigusa kanuni ya mirathi.

Kuna pia sehemu ya mali iitwayo ampikale, ambayo wazazi huitenga kwa ajili ya uzee wao, kisha ikaenda kwa mtoto aliyewauguza. Naiona kuwa desturi ya busara sana, kwa sababu katika kijiji ambako mkulima hana pensheni, jaruba hilo ndilo pensheni yake. Mkusanyiko wa Sheria za Kiislamu uliotolewa na serikali mwaka 1991 unaacha nafasi ya mambo kama haya. Kifungu cha 176 kinashika mafungu mawili ya mwana wa kiume kwa moja la binti, lakini kifungu cha 183 kinawaruhusu warithi kugawana kwa suluhu mradi kila mmoja ameshalijua fungu lake.

Udhaifu uko kwenye neno hilo suluhu. Mwanamke aliyeketi mbele ya kaka zake na wajomba zake anaweza kukubali asichokitaka, kwa kuwa kudai fungu mbele ya watu ni kuhatarisha siri', yaani heshima ya nafsi na ya familia, ambayo kwa Wabugis ina thamani kuliko mali. Ukimya wake huhesabiwa kuwa ridhaa. Isitoshe, desturi haikuwahi kuwa ya haki kwa kila mtu. Jamaa za watawala walimiliki mashamba mapana, na wasio na ardhi wakayalima kwa kugawana mavuno na wenye mali, utaratibu uitwao teseng, ambao sheria ya mwaka 1960 ya ugawaji wa mavuno ilikusudia kuutia katika mikataba ya maandishi.

Tatizo jingine ni kwamba desturi hutegemea mashahidi walio hai na walio karibu. Wabugis ni watu wa kuhama. Watoto wa kijiji kimoja waweza kuwa Kalimantan, au ng'ambo huko Johor na Sabah nchini Malaysia, wakituma fedha na kurudi kwa nadra. Zaidi ya hayo, uasi dhidi ya serikali ulioongozwa na Kahar Muzakkar huko Sulawesi Kusini, uliodumu tangu mwanzo wa miaka ya 1950 hadi alipouawa mwaka 1965, uliwafanya watu wengi wakimbie vijiji vyao, na ardhi iliyoachwa kwa miaka mingi namna hiyo haina shahidi ila kumbukumbu za waliobaki. Hapo hati hufanya kazi ambayo kikao cha wazee hakiwezi kuifanya.

Lakini hati nayo ina madhara yake, na wanaoisifu huyataja kwa uchache. Sehemu ya mahari ya Kibugis iitwayo sompa mara nyingi huwa ni shamba, nalo ni mali ya mke peke yake. Afisa wa upimaji anapokuja na kuandika jina la mkuu wa kaya, shamba hilo linaweza kuingia katika jina la mume bila mtu yeyote kukusudia kudhulumu. Pia hati hufungua mlango wa mkopo wa benki, na deni la benki likishindikana shamba hupigwa mnada na kupotea moja kwa moja.

Linganisha na rehani ya kijijini, yaani sanra. Mwenye shamba hupokea fedha, mara nyingi kwa ajili ya gharama za harusi ya mwanawe au safari ya kuhama, na mkopeshaji hulima na kuchukua mavuno mpaka deni lilipwe. Desturi haiweki ukomo, kwa hiyo hata mjukuu anaweza kulikomboa shamba la babu yake. Hapo ndipo wema wake ulipo, na ubaya wake pia, kwa kuwa deni halipungui hata kama mkopeshaji amevuna mara ishirini. Sheria namba 56 ya mwaka 1960, inayohusu ukubwa wa mashamba, iliona ubaya huo, ikaamuru kwamba rehani iliyofikisha miaka 7 irudishwe bila malipo yoyote. Kwa maoni yangu sheria hiyo ni ya haki katika hesabu zake, lakini inamtaka maskini amshtaki mtu ambaye huenda ni binamu yake na ambaye atamhitaji tena mwaka ujao. Na mkopeshaji anayeihofia atakataa rehani na kudai auziwe kabisa.

Sheria hiyohiyo ililenga kila familia ya mkulima iwe na angalau hekta 2, ikakataza kuhamisha ardhi kwa namna itakayovunja kiwango hicho, isipokuwa kwa mirathi. Kumega kukaendelea kizazi hadi kizazi. Wapo ndugu wanaoepuka kumega kwa kulima shamba moja kwa zamu, msimu huu huyu na ule yule, jambo ambalo hati yenye jina moja hulivuruga.

Nikipima yote, naelemea upande wa usajili, ila si usajili wa jina moja kwa kila kipande. Kinachopaswa kuandikwa ni makubaliano yenyewe, wazazi wakiwa hai na binti akiwa na nakala yake mkononi: shamba lipi ni sompa ya mama, lipi ni ampikale na kwa sharti gani, lipi liko rehani, kwa kiasi gani na tangu msimu upi, na nani wana zamu ya kulima. Ofisi ya kijiji inaweza kuyapokea hayo kwa ushahidi wa imamu na majirani kabla mpimaji hajafika, ili jina litakaloingia katika hati liwe la mwenye mali na si la aliyekuwa nyumbani siku ya upimaji.